Mikono ya Mtaalamu

Mume wa mshonaji hujiita Mtaalamu, na utaalamu wenyewe ni kujirekodi akicheza gemu kwenye kimashine cha mkononi cha kizamani, chenye kioo kidogo kama kiberiti. Kila Jumamosi asubuhi hufunga dirisha, huzima feni isije ikasikika, huegemeza simu kwenye mkebe wa vifungo vya mkewe, kisha hukohoa mara mbili kama mgeni rasmi. "Ndugu watazamaji wapendwa," huanza, kwa sauti laini ambayo mkewe hajawahi kuombwa nayo hata chumvi. Akifika kwenye daraja la kamba ndani ya gemu, hufa. Hulaumu mwanga, hufuta kioo kwa kitambaa cha mteja, huanza upya, hufa palepale. Ndipo humwita mkewe kwa kumpungia mkono, bila hata kugeuka, na kumpisha kitini. Kushona kumempa mkewe vidole vyepesi, na kamera haioni zaidi ya vidole na kimashine.

Jumamosi moja, kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, Mtaalamu alisita. "Mama watoto, hebu vua hiyo pete ya ndoa. Watajua si mimi."

Mshonaji akaivua, akaitia mkebeni, akalivuka daraja kwa mara moja tu. Nyuma yake Mtaalamu akapaza sauti: "Mmeiona mikono hiyo? Hicho ni kipaji, ndugu zangu!"

Wiki ya tatu hii, pete imelala mkebeni pamoja na vifungo. Mtaalamu hajagundua. Mikono ya mkewe huitazama kwenye simu tu.