Barafu Katika Siku za Kilio

Baba alikufa asubuhi, nyumbani kwetu Kilibula. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo ili kumuuguza, nikaja na kazi yangu ya shahada ya uzamivu: kuchunguza barafu iliyoganda juu ya chembe za vumbi kati ya nyota. Darubini iliyoko angani hupitia mbingu ikipokea mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga wa nyota ukipenya wingu la vumbi, barafu humeza sehemu yake, na kwenye mchoro mstari unashuka. Ukishuka hapa ni maji, ukishuka pale ni kaboni dioksidi. Mimi nilikuwa msomaji wa mishuko hiyo.

Tulimzika. Kwaya ya parokia iliimba, baba mdogo akaleta mchele kutoka Sange. Watu walilia, mimi nikapanga viti.

Baada ya mazishi, wageni wakiwa bado uani, nilifungua kompyuta. Sikuwa na hamu ya kazi. Ila michoro, tofauti na wageni, haikunipa pole. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akaja kuketi kando yangu na majani yake ya muhogo ya kupika sombe.

"Weye unaangaliaka nini mule?"

"Barafu, shangazi. Iko mbali, kati ya nyota."

"Na kule kuko bantu?"

"Hakuna watu."

Akachambua majani kwa muda. "Baba yako alikuwa anaambia kila muntu kama mutoto wake anasoma mambo ya mbingu. Hata bale mama ba kuuzisha samaki ya ndagala."

Sikujua. Mimi alikuwa akiniuliza tu kama nimekula. Nilingoja machozi, hayakuja. Nilikuwa kama mkono ulioulalia: unaugusa, unajua ni wako, lakini hauna habari.

Alasiri hiyohiyo, katika mchoro wa wingu moja jeusi, niliona mstari umeshuka kidogo mahali pa methanoli iliyoganda. Nikadhani ni kasoro ya chombo. Nikasafisha data upya, nikalinganisha na nyota za jirani, mshuko ukabaki. Ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta tangu nianze masomo. Nikamwandikia profesa wangu. Koneksioni ilikatika, ikarudi, ujumbe ukaenda. Jibu lake lilijaa furaha. Nililisoma nimesimama, kisha nikaenda kuwasaidia shangazi zangu kuosha sufuria.

Miezi kadhaa baadaye kazi ilikubaliwa. Niliitetea kwa njia ya video, katika ofisi moja ya mtaa wa Songo yenye jenereta, mbele ya nyuso za jopo la watahini kwenye kioo cha kompyuta. Shangazi alikaa nyuma ya kamera, amevaa kitenge chake cha Jumapili. Jopo lilipopiga makofi, naye akapiga.

"Bamekupa?"

"Wamenipa shahada."

"Basi tuende."

Tulitoka kutafuta pikipiki. Hapo barabarani shangazi akaanza kulia, akimwita kaka yake marehemu kwa sauti, wapita njia wakigeuka. Nikamshikia mkoba, nikasimama karibu naye mpaka alipomaliza. Machozi yangu hayakuja hata siku hiyo.