Diwani Aliyemletea Baba Miraa

Trekta ilipoingia jikoni kwetu, githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilikuwa bado motoni. Mama aliinua sufuria kwa mikono mitupu, akaungua, akasimama nayo uani huku ukuta wa mbao ukilala chini. Diwani wetu alikuwa kando ya gari lake, mikono mfukoni, maana asubuhi za Timau ni baridi.

Huyo mtu tulimtengeneza sisi. Alianza kama karani wa kuandika majina ya vibarua katika shamba la ngano. Alipotaka udiwani, sisi vibarua ndio tuliombeba mabegani. Kura yangu ya kwanza maishani nilimpa yeye, tena nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Muhula wa pili akaja kwa baba na kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Chifu alikuwa shahidi. Akasema vishamba vyetu vya barabarani vinatakiwa kwa zahanati, na sisi tutapewa vingine huko juu. Sasa kwetu Meru, ukipokea kitita kama hicho, neno limefungwa. Ndivyo msichana anavyoombwa, ndivyo waliokosana wanavyopatana. Nani angemdai karatasi mtu aliyeleta miraa? Baba alipokea. Majirani wanne walipoona mzee amepokea, nao wakakubali.

Kwa hiyo asubuhi ile ya trekta baba alimwuliza tu, kwa upole, "Mheshimiwa, hayo mashamba mengine ni yapi?"

"Mzee, barua unayo?"

"Nilipokea miraa yako."

"Na si uliitafuna ikaisha? Ama unataka nikuongeze ingine?"

Dereva wa trekta akacheka. Chifu alikuwa hapo hapo.

Zahanati haijajengwa mpaka leo. Pale pana ngano, na ngano ni ya diwani. Sisi tulihamia chumba cha kukodi nyuma ya soko, yeye akachaguliwa tena, na tena. Katiba mpya ilipokuja akawa mwakilishi wa wadi, akaenda kuapishwa Meru mjini na tai shingoni. Baba hakumlaani hata siku moja. Kilichomuua ni maneno ya wale majirani. Walikuwa wakimpita kanisani bila salamu, wakisema mzee alikula hongo ya diwani akatuuza. Siku ya mazishi yake, hao wanne hawakuja.

Sasa nasikia mheshimiwa anastaafu, na watu wanamwekea mahema katika uwanja wa shule wamshukuru kwa utumishi wake. Sijaalikwa, lakini nitaenda, na zile familia nne nitaenda nazo wasikie wenyewe. Mimi niliishia darasa la nne, hotuba siwezi. Swali naweza, nalo ni hili. Mheshimiwa, shika hicho kipaza sauti uwaambie hawa watu: aliyewauza ni baba yangu, ama ni wewe? Na wewe chifu, ungali hai, ulisikia kila neno. Simama ujibu.