Pumzi za Sokwe Ghalani Ipyana

Biashara ya mpakani ilipofunguliwa, kila kitu kilipita Kyela. Siku moja polisi walimkuta sokwe jike, bado mdogo, ndani ya tenga kwenye lori la mchele. Waya aliofungwa kiunoni ulikuwa umezama kwenye nyama.

Mimi nilikuwa mama mifugo wa kata, niliyezoea ng'ombe na nguruwe. Walimweka kwenye ghala tupu la mpunga pale Ipyana, akaitwa daktari wa wanyama kutoka Mbeya.

"Mama, mimi nitakata waya," alisema daktari, sindano ya usingizi ilipomlegeza sokwe. "Wewe shika pumzi zake. Vidole vyake vikianza kujikunja, niambie upesi."

Tulijifunga vitambaa puani, maana mafua yetu yangeweza kumwua. Nilimlaza ubavu, nikamfunika macho, nikanyoosha shingo yake. Sikutulia hata kidogo. Bati lilikuwa linachoma na mwili wake ulianza kupata moto. Nililoweka kanga nikamfuta kwapani, nikarudi kifuani, nikafunua mdomo kutazama ufizi, nikarudi tena kifuani. Kifua chake kilipochelewa kupanda, na mimi nilisahau kuvuta hewa.

Nje, mwanamke aliyemnunua na kumlea, mchuuzi mwenye ndugu Malawi, alipiga kelele: "Wamemwua mwanangu!"

Kope za sokwe zikacheza chini ya kitambaa. Vidole vikanishika.

"Daktari, anaamka!"

"Jitoe taratibu."

Akamwongezea dawa kidogo. Vidole vikalegea, kisha kifua nacho kikanyamaza. Ufizi ukaanza kuwa wa bluu. Nilimvuta ulimi kwa kitambaa, nikainua taya, nikamsugua kifua kwa nguvu.

"Pumua, mtoto. Pumua!"

Ikaja pumzi moja yenye mkoromo. Ikaja nyingine. Daktari, jasho likimtiririka, akakata waya wa mwisho.

Tulitoka, tukafunga mlango, tukamtazama dirishani mpaka akakaa, akiyumba kama mlevi. Nilipogeuka, yule mwanamke alinikamata mikono.

"Amekufa?"

"Anapumua."

"Ndaga fijo, asante sana, dada. Ndaga. Nitampata lini?"

"Hutampata. Anapelekwa porini, kwa wenzake."

Aliniachia, akakaa chini palepale kwenye pumba za mpunga. Nilitaka kukaa naye. Miguu ilikataa, ikanirudisha dirishani kutazama kile kifua.