Festo Alivyonichagulia Msumeno

Usiku ule nilipanda kitandani mapema, kwa sababu ya baridi, na kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Aliyewahi kukaa Mafinga wakati wa kipupwe anajua. Ukungu hushuka kutoka kwenye mashamba ya miti, watu hufunga milango kabla giza halijakolea, na nyumba ya mtu mmoja huwa kubwa kuliko ilivyojengwa.

Mchana wake nilikuwa nimezunguka kwenye maduka ya vifaa vya useremala nikitafuta msumeno wa umeme wa kukatia nakshi. Sisemi ule mkubwa wa kupasulia mbao. Huu hukaa mezani, una wembe mwembamba karibu kama uzi, unaopanda na kushuka, nawe unausogezea ubao taratibu mpaka upate umbo unalotaka: sikio la sungura, mkonga wa tembo. Muuzaji wa duka la mwisho aliniwashia mashine zote alizokuwa nazo.

"Sista, chukua hii ya kijani," aliniambia. "Ina nguvu. Mafundi wote wanachukua hii."

"Na ile ndogo ya pembeni?"

"Ile ni ya zamani. Nzito kubeba, halafu haina mbio. Kwani wewe unataka kukata nini hasa?"

Nikamwambia nataka kukata wanyama wa mbao, wa watoto kuchezea. Akaniangalia kwa adabu, jinsi anavyoangaliwa mtu mzima aliyesema jambo la kitoto. Niliondoka mikono mitupu.

Mtaani wananiita Sista kwa sababu nilikuwa muuguzi wa zahanati mpaka nilipostaafu. Sikuolewa. Niliishi na mdogo wangu Festo, fundi seremala. Festo alipoteza usikivu kwa homa kali akiwa hajaanza kusema vizuri, na kwa kuwa wakati ule hapakuwa na shule ya viziwi karibu nasi, mimi na yeye tulijitungia lugha yetu ya mikono. Tulikuwa na neno la uji, neno la mvua, neno la mtu mwongo. Mama alijifunza maneno machache tu, mengine akaniachia mimi. "Mwambie," ndivyo alivyosema siku zote. "Mwambie chakula tayari. Mwambie avae sweta." Hata wateja wa vitanda na makabati walizungumza naye kupitia kwangu.

Jioni, akishamaliza kazi za watu, Festo alikaa chumba cha uani na msumeno mdogo wa mkono, akakata bata na sungura na tembo kutoka kwenye vipande vilivyobaki. Mimi niliwapeleka wanyama hao zahanati. Mtoto aliyechomwa sindano alipewa mnyama aondoke naye, na wengi waliacha kulia kabla hawajafika getini.

Festo alifariki mwaka jana. Baada ya matanga ndugu waligawana vyombo vyake vya kazi, randa, patasi, misumeno, kila mmoja akachukua cha kumkumbukia, na mimi sikuona sababu ya kukataa. Kikabaki chumba kitupu chenye marundo ya vipande vya mbao. Na mikononi mwangu ikabaki lugha nzima isiyo na wa kuzungumza nayo. Hilo sikumweleza mtu. Ningelianzia wapi?

Binamu yetu Obedi, kwa kunionea huruma, alinitafutia mpangaji wa kile chumba. "Angalau, Dada, utapata mtu wa kukusalimia asubuhi," aliniambia kwa simu. Mpangaji angekuja kukiona mwisho wa wiki. Wazo langu la kugeuza chumba kuwa karakana, nikate wanyama kama Festo, ila kwa mashine maana vifundo vya mikono yangu vimechoka, sikumwambia. Niliona aibu. Mwanamke wa umri wangu, ambaye hata randa hajawahi kuishika.

Nikalala na hayo yote kichwani.

Sikumbuki nilivyoingia ndotoni. Nakumbuka nilikuwa nimesimama katika chumba cha uani, na ulikuwa mchana, mchana mweupe usio na jua. Sakafu ikatikisika chini ya nyayo zangu. Ndivyo tulivyokuwa tukiitana: ukimtaka mwenzio unapiga sakafu kwa kisigino, naye anasikia kwa miguu. Niligeuka. Festo alikuwa mlangoni, na koti lake la bluu la kazi, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa kijana wala mzee. Nilitaka kumuuliza ametokea wapi, lakini mikono yangu ilikuwa mizito kama nguo iliyolowa.

Anapita mbele yangu, namfuata. Hatujatoka mlangoni, na tayari tuko kwenye korido ya zahanati. Kwenye lile benchi refu walipokuwa wakikaa akina mama na watoto wao, sasa zimepangwa mashine. Zote zinafanya kazi. Nyembe zinapanda na kushuka na hakuna sauti hata kidogo. Nawaza, kumbe hivi ndivyo dunia ilivyokuwa kwake. Kisha nawaza, au ni mimi niliyekufa.

Mwisho wa benchi amekaa Mama, aliyefariki zamani, kabla ya Festo. Ana ungo mapajani, anachagua mchele. Hanitazami.

Festo anaanza na mashine iliyo karibu. Haangalii rangi wala maandishi. Anaweka kiganja kitupu juu ya meza yake ya chuma, anafumba macho, anasubiri. Anatikisa kichwa, anasogea kwenye nyingine. Ile ya kijani anaigusa kidogo tu, anaondoa mkono na kuukung'uta kama mtu aliyeshika siafu. Nataka kumwambia kwamba hiyo ndiyo iliyosifiwa, kwamba ina nguvu. Natafuta neno la nguvu. Tulikuwa nalo. Lilianzia begani, likashuka mpaka kwenye kiwiko, halafu sijui liliishia wapi. Mikono yangu inaanza sentensi na kuiacha hewani, na Festo ananingoja kwa ile subira aliyowangojea nayo watu wote maishani mwake. Sikuwahi kuwa mmoja wao. Sasa nimekuwa.

Anagusa shavu lake la kushoto kwa kidole, anakizungusha kidogo. Sielewi. Anarudia. Nageuka nyuma nione ni nani anayeitwa. Korido ni tupu. Mlango wa chumba cha sindano uko wazi, na ndani yake kuna miti mirefu na ukungu.

"Anakuita," anasema Mama, macho kwenye ungo.

"Anamwita nani?"

"Wewe. Hilo si ndilo jina lako?"

Nina kishimo kwenye shavu la kushoto, huonekana nikicheka. Festo alipokuwa mdogo alikuwa akikichomekea kidole, na hapo ndipo alipolipata jina langu. Nililiona kila siku tulipokuwa pamoja, lakini mikono yangu haikuwahi kulitamka, maana nani hujiita mwenyewe? Tangu tumzike hakuna aliyeniita hivyo. Mle mle ndotoni nikajua niko karibu kuamka, nikaomba nisiamke kwanza.

Festo anauchukua mkono wangu. Kiganja chake ni kigumu kama zamani, na kina joto. Anaulaza mkono wangu juu ya ile mashine ndogo, nzito, ya zamani, na juu yake anaweka wake. Wembe unakimbia, lakini meza imetulia kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Haitikisiki. Anasukuma kipande cha ubao kwa mkono wa pili, vumbi laini linamwagika, na sikio la sungura linajitenga bila kuchanika pembeni. Ananiangalia kuona kama nimeelewa. Nimeelewa.

Sakafuni kuna vyombo vingine vingi, vinang'aa, vimejaa mpaka ukutani. Anavisogeza kwa mguu kama mtu anayetafuta ndala zake. Anaokota tupa ndogo, karatasi za msasa, vibano vya kushikilia ubao, na miwani ya kukinga macho. Basi. Vilivyobaki anaviacha. Miwani ananivalisha mwenyewe, anarudisha nywele zangu nyuma ya masikio, kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye siku za kwenda kanisani.

Niliponyanyua macho Mama hakuwepo. Benchi halikuwepo. Tulikuwa tena katika chumba cha uani, na Festo alikuwa amenipa mgongo, anaelekea mlangoni. Nilipiga sakafu kwa kisigino. Hakugeuka. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Chini palikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye vifundo vya miguu, laini, linameza kila pigo. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa hapo, namwita mtu aliye mbele yangu kwa njia pekee anayoweza kusikia, na sakafu inakataa kunipelekea salamu.

Aligeuka mwenyewe. Hakuwa na haraka. Alipiga ukuta wa chumba kwa kiganja, akaonyesha sakafu, kisha akaweka kidole shavuni na kukizungusha. Hapa. Wewe.

Nikaamka. Dirisha lilikuwa na weupe wa alfajiri, na kidole changu kilikuwa shavuni kwangu. Nililia kidogo. Kisha nikalala chali nikifanya yale maneno niliyoyakumbuka, moja moja, gizani chini ya blanketi: uji, mvua, mtu mwongo. Neno la nguvu sikulipata. Hata leo sijalipata.

Duka lilipofunguliwa nilikuwa nje nimesimama. Nilimwomba yule muuzaji awashe tena mashine zote, nikavua glavu na kuweka kiganja juu ya kila meza, macho nimeyafumba.

"Sista, unazipima homa?" aliuliza.

"Ndiyo," nilimwambia. "Hii yako ya kijani inatetemeka."

Akaweka na yeye kiganja. Akahamia kwenye ile ndogo, akarudi kwenye ya kijani. Kisha akaenda kutafuta mtu wa kumsaidia kuibeba ile ndogo. Niliongeza tupa, msasa, vibano na miwani. Aliponionyesha seti ya patasi kwenye sanduku zuri, nilimwambia labda siku nyingine.

Jioni mashine ikiwa imeshafungwa kwenye meza ya chumba cha uani, nilimpigia Obedi.

"Mwambie yule mpangaji asisumbuke kuja," nilisema. "Chumba kina mtu."

"Umepata mwingine? Nani tena huyo?"

"Mimi."

Nilimweleza habari ya karakana. Ndoto sikumwambia. Nikasikia televisheni ya nyumbani kwake na watoto wakigombania kitu.

"Na asubuhi atakusalimia nani, Dada?"

"Sijui bado."

"Haya." Akakohoa. "Basi Jumapili nitakuja na watoto wakione hicho chumba. Uwe umewakatia bata."

Nilimwambia bata nimemjaribu mchana, shingo imekatika. Nikajaribu tena, ikakatika pale pale. Ni nyembamba mno kwa mtu anayeanza.

"Sasa kuna mnyama gani asiye na shingo?" aliuliza Obedi.

Nikafikiri. "Tembo," nilisema.

"Basi tembo."