Hina Iliyopauka

Kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni, na mwanga ukapita ndani ya jicho langu la kushoto. Mlio na mmweko vilikuja pamoja, mahali pasipo na taa. Nilikuwa nimeinamia kiganja cha bi harusi huko mtaa wa Shika Adabu, nikimchora ua la hina. Niliinua koni ya hina, nikasubiri. Kijiko kilipogonga sinia, mwanga ukaja tena.

Sikumwambia mtu. Jicho lile lilikuwa likiniuma tangu juzi kila nilipoligeuza, nami nilikuwa nimeshailaumu tasnifu yangu ya uzamili na kioo cha kompyuta.

Miguuni pa bi harusi alikaa binti wa mama yangu mdogo, akiongezea pambo kwenye vifundo. Nyayo alikuwa amezichora jana yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi hii, ili anisaidie msimu wa harusi. Mimi hupima: hukigawa kiganja kwa macho kabla ya kugusa ngozi, nikajua ua litaishia wapi. Yeye huanza popote huku akipiga soga, na huishia mahali pazuri. Siku hizi wenye shughuli wakinipigia huuliza, kwa adabu, kama na yule mdogo atakuja. Huwajibu inshallah, kisha hukaa na swali lao wiki nzima.

Nilizitazama zile nyayo, nikafurahi. Zilikuwa zimepauka, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Nikasema, kwa upole niliouchagua, kwamba hina haikukoza. Pengine mdogo wangu alikosea kuchanganya. Shangazi wa bi harusi aliniangalia mimi, akauangalia mguu.

"Mwanangu, hii ikizidi kukoza itakuwa nyeusi kama piko."

Wanawake wakacheka. Mdogo wangu hakuinua kichwa. "Dada, yangu na yako zimetoka bakuli moja."

Nilijifanya ninafuta jasho, nikaziba jicho la kushoto. Mguu ulikuwa rangi ya damu ya mzee, umeiva sawasawa. Nikaziba la kulia: chai ya maziwa, na katikati ya unyayo ukungu uliosogea kila niliposogeza macho. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kabla sijaliogopa jicho langu, nilisikitika kwamba kazi ya mdogo wangu ilikuwa nzuri.

Daktari wa macho kisiwani, ng'ambo ya kivuko, alimulika tochi jicho hili na lile, kisha akanionyesha kizibo chekundu, akaniuliza kilikuwa chekundu kiasi gani kwa kila jicho. Neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, alieleza, imevimba. Ndiyo maana wekundu hufifia, jicho huuma likigeuka, na mlio wa ghafla huweza kuonekana kama mwanga. Alitaka nilazwe kesho yake kwa dripu ya siku tatu, nikapigwe pia picha ya ubongo, ijulikane kama uvimbe umeishia hapo au ni mwanzo wa maradhi mengine. Wengi huona tena, alisema, ingawa rangi zaweza kuchelewa kurudi.

Ndani ya siku hizo tatu alikuwamo bi harusi wa Magogoni, aliyeniwekea nafasi tangu kabla ya Ramadhani. Mama yake alikuwa ameniambia hataki mkono mwingine.

Kutoka kivukoni hadi nyumbani Likoni, juani, ukungu ulizidi. Chini ya feni ukapungua. Nikasoma makala za kitabibu. Moja ilisema dawa ile ya dripu huharakisha kupona, lakini mara nyingi haibadilishi sana uoni wa mwishoni. Niliishika sentensi hiyo kama wakili anavyoshika kifungu kimoja. Basi ningeweza kuahirisha. Nikachukua koni, nikajaribu mkononi mwangu. Nilipodhani ncha imegusa ngozi, ilikuwa bado hewani, na hina ikadondoka kando ya mstari. Nikaifuta. Ya pili ikadondoka kwenye leso yangu.

Nilimwona akilini mdogo wangu kule Magogoni, wanawake wakisema mashallah, picha zikisambaa kwenye simu zao, na mimi nikijulikana mwakani kama yule dada yake. Nikayapima hayo dhidi ya picha ya ubongo, nikastaajabu jinsi mizani ilivyokawia kuamua. Nikampigia simu.

"Abee, dada."

Nilimweleza kwa mpangilio: nyumba, siku, maua ambayo mama mtu anayapenda, jinsi ya kumkatalia akiomba piko hadi viwikoni. Hospitali niliitaja mwisho.

"Wakiniuliza uko wapi, niwaambieje?"

"Waambie mwalimu wako anaumwa jicho."

"Mwalimu," akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi. "Haya, mwalimu." Kisha akauliza mwalimu wake kesho anasindikizwa na nani hospitalini.