Fungu la Tatu

Yazeed bin Majid alitoka jeshini na goti lisilokunjika sawasawa, pamoja na kiinua mgongo ambacho hakikutimiza mwaka. Sehemu yake ilikwenda katika paa la nyumba aliyoiacha marehemu baba yake mjini Ibra, sehemu katika chumba cha dada yake Shurooq aliyekuwa akisoma Nizwa, na kilichosalia kikaliwa na umeme wa kiangazi. Sasa alikuwa akipeleka mizigo ya watu kwa gari lake, leo Samail, kesho Sur. Na siku zisizo na mzigo alikaa nyumbani akisingizia mapumziko.

Mama yake, Bi Mabruka, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Oman angali msichana mdogo, hakujua kuwa akiba imekwisha. Yazeed hakumwambia uongo. Alinyamaza tu, na kimya chake kikafanya kazi ya uongo. Tangu aingie jeshini, kila Idi Kubwa yeye ndiye aliyenunua kondoo, na mama akawagawia majirani kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba yao ilijulikana kuwa ni nyumba ya kutoa. Kijana aliiogopa siku ambayo mama na mtaa mzima wangejua kuwa haina tena cha kutoa.

Mwaka huu kondoo hakupatikana. Akamwambia mama kuwa atachinja Nizwa pamoja na mwenzake wa kambini, na nyama itakuja imekwisha kufungwa, tayari kutiwa tanurini.

"Basi chukua bizari yangu," akasema Bi Mabruka. "Wenzetu wa huko mkono wao mzito kwa mdalasini."

Tanuri la mtaa ni shimo refu lililojengwa kwa mawe. Siku ya mosi ya Idi kila nyumba huzika humo nyama yake ya shuwa, ndani ya mfuko uliosukwa kwa majani ya mtende na kutiwa alama ya waya. Kisha shimo huzibwa kwa bati na udongo, na nyama ikaiva polepole hadi asubuhi ya siku ya tatu. Yazeed alileta mfuko wake. Ndani ya majani ya mgomba alikuwa amefunga vipande vya shina la mtende, amevipaka bizari ya mama ili vinukie. Alikusudia kusema, mfuko utakapotolewa, kuwa nyama yake imeungua. Mambo hayo hutokea.

"Mwanajeshi mzima unabeba mfuko kama umebeba kitoto kichanga!" akamtania jirani yake Azzan, fundi wa magari. "Kondoo wako alikuwa na siha ya paka nini?"

"Wako umemlisha matairi, ndiyo maana mzito," akajibu Yazeed. Watu wakacheka, yeye akainama kuvuta bati.

Siku ya tatu, Ami Khelef, mzee msimamizi wa tanuri, alisimama katika mvuke akizisoma alama na kuwaita watu. Waya wa Azzan ulikuwa na mizunguko mitatu, wa Yazeed miwili. Moto ulikuwa umekata mzunguko mmoja wa Azzan. Mzee akaona miwili, akaita, "Yazeed!" Kijana alipoupokea mfuko, mafuta ya moto yalimchirizikia kiganjani. Shina la mtende halitoi mafuta. Akajua palepale, mbele ya watu wote, kwamba alichopewa si chake. Neno moja lingetosha.

"Ahsante, ami," akasema, akaenda zake.

Nyumbani Bi Mabruka alifungua majani, akamshukuru Mola kwa harufu nzuri, akamega kipande. Akatafuna, akaacha.

"Yazeed, hii nani kaipaka?"

"Si ile ile bizari yako, mama?"

"Mimi na bizari yangu tumejuana kabla hujazaliwa. Nyama hii ya nani?"

Akaketi kizingitini akamweleza yote. Bi Mabruka hakupaza sauti.

"Unanificha mimi dhiki ya nyumba yangu? Na ulipoushika mfuko, ulijua?"

"Nilijua."

Akaifunika sinia kwa kawa. "Hayo ya kunificha tutayazungumza. Hii ni haki ya mtu. Irudishe kabla hawajakaa kula."

"Wamekwisha kaa. Mtaa mzima uko kwa Azzan."

"Basi na wasikie."

Uani kwa Azzan wali ulikuwa umepakuliwa, nyama hapana. Azzan alimkuta Yazeed mlangoni na sinia mkononi. Naye alikwisha kuufungua mfuko uliobaki, aliopewa yeye.

"Wallahi nilidhani nimechezewa na majini," akanong'ona, kisha uso ukamlegea. "Nimewaambia imeungua. Ipitishe jikoni, yaishe."

Lilikuwa neno lile lile alilojiandalia mwenyewe. Yazeed akautazama mlango wa jikoni.

"Niliipokea mbele yao," akasema, akaingia uani. "Nyama hii ya Azzan. Mfuko wangu ulikuwa na magogo. Sikuchinja, sikuwa na uwezo. Na nilipopewa huu nilijua si wangu, nikanyamaza."

Mikono ikasimama juu ya wali. Ami Khelef ndiye aliyesema kwanza. "Asiye na uwezo hadaiwi kuchinja, mwanangu. Kwa nini hukuja kwangu?"

"Niliona haya, ami."

Azzan akapiga magoti, akaigawa nyama kama ilivyo ada ya kuchinja: fungu la wenyewe, fungu la hadiya kwa jamaa na majirani, na la tatu la wahitaji. Akasogeza la pili. "Hili lako, jirani."

Yazeed aliliangalia fungu lile. Angelichukua, angerudi nyumbani na jina lake la zamani.

"Hilo wape jamaa zako," akasema. "Mimi nipe la tatu."

Azzan akamtazama Ami Khelef. Mzee akainamisha kichwa. Hakuna aliyemhimiza, wala aliyemzuia.

Nyumbani Bi Mabruka aliipokea sahani. "Wamekupa hadiya?"

"Sadaka, mama. Nimeiomba mwenyewe."

Mkono wake, ambao miaka yote ulikuwa ukigawa, ukasita juu ya sahani.

"Kanawe mikono," akasema.

Aliporudi wakaketi pamoja mkekani. Mama akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, akamega, akatangulia kula yeye, ili mwanawe asione haya.