Tofali Hamsini kwa Mfuko Mmoja

Saa moja asubuhi, Bunju. Wingu zito limetanda, na Atuganile anafyatua tofali huku jicho moja likiwa juu. Anajaza mchanga kwenye mashine, anashindilia, anatazama tena mbinguni. Majirani zake wenye bustani za mchicha wanaomba mvua inyeshe. Yeye anaomba isinyeshe.

"Likitanda hivi tu, mwenzenu kazi haiendi," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Mie naogopa, sikufichi."

Anachokiogopa kipo mtaa wa pili: darasa la chekechea la Bi Mwanaasha, lenye watoto ishirini na watatu. Lilijengwa mwezi wa nane kwa tofali za Atuganile, elfu moja na mia mbili.

Atuganile ana miaka 38. Alitoka Tukuyu miaka tisa iliyopita, na majirani humwita Mama Lusungu. Hesabu ya kazi yake anaijua hata ukimwamsha usingizini. Mfuko wa saruji ni shilingi 16,000 na unatoa tofali thelathini na mbili, kwa hiyo kila tofali linakula saruji ya shilingi 500. Mchanga, maji na vibarua ni 500 nyingine. Akiuza chini ya elfu moja, hasara.

Bi Mwanaasha alikuja na 850.

"Kule barabarani wananipa kwa hiyo hiyo," alimwambia. "Nipe bei ya mwisho, Mama Lusungu."

Wiki ile hapakuwa na mteja mwingine, na mwenye kiwanja alikuwa anadai kodi yake. Atuganile akakubali, kisha ndiyo akakaa kupiga hesabu. Kwa 850, njia ilikuwa moja tu: mfuko utoe tofali hamsini. Ukatoa hamsini. Akabakiwa na faida ya shilingi thelathini kwa tofali.

"Jumla elfu thelathini na sita. Jamani! Hela hiyo ndiyo inaninyima raha mpaka leo," anasema. "Nilidhani bei ya chini tunaipanga mie na mteja. Kumbe tofali nalo lina chini yake, na lenyewe halibembelezwi."

Jumamosi iliyopita alipita nyuma ya darasa, akaukwangua ukuta kwa ufunguo. Mchanga ukamwagika. Mbio mpaka kwa Erasmus, fundi aliyejenga, naye akamcheka. "Tutapiga plasta, dada. Nani atajua?"

Matone ya kwanza yanaanguka. Atuganile anaacha koleo pale pale, hata mabuti havui, anakata mtaa. Mwandishi anamfuata nyuma. Ndani ya darasa watoto wanaimba irabu; Bi Mwanaasha amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja mbio hivyo, kuna msiba?"

"Watoe watoto, mama. Tofali nilizokuuzia zina saruji kidogo. Zikilowa zitabomoka."

"Ukuta upi?"

"Kuta zote nne."

Bi Mwanaasha anamkazia macho. "Siku ile unapokea hela yangu, ulijua?"

Angeweza kumsingizia fundi. Angeweza hata kumkumbusha nani aliyembana bei.

"Nilijua, mama."

Bi Mwanaasha anaingia ndani, anapiga makofi mara mbili, na watoto wanatoka na mabegi kichwani, wakichekelea mvua kana kwamba ni sikukuu. Anawapanga kwenye baraza ya nyumba yake, anawahesabu mara mbili.

Atuganile bado amesimama uani, analowa. Anasema amepanga kununua mifuko minne kila wiki mpaka itimie thelathini na minane, afyatue tofali zote upya, thelathini na mbili kwa kila mfuko, bila kudai senti.

"Na nikikwambia tofali zako sizitaki tena?" anauliza Bi Mwanaasha kutoka barazani.

"Basi nitakununulia za mwingine, mama. Ila kabla hatujamuuliza bei, tumuulize mfuko mmoja anatoa ngapi."